Picha ya Mama na Mkwewe

Picha ilipobandikwa ukutani, Kathini alitamani kuibandua.

Kwenye simu yake, alipoipiga, ilikuwa ndogo, naye aliona tu mchanga wa mto, jua la asubuhi na watu wawili waliokaa pazuri. Sasa Musembi, mwenye studio sokoni Migwani, alikuwa ameichapa kubwa kwa ajili ya maonyesho ya vijana wa kanisa. Ukumbi mzima uliona kile ambacho Kathini alikiona akiwa amechelewa: mama yake na Kisilu, mume wa dada yake Wavinya, karibu wagusane.

Mtu na mama mkwe wake! Tangu Kisilu aoe, wawili hao hawakuwahi kukaribiana. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani ili mwingine apite. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya Wakamba, na Mama hakuwahi kuivunja. Naye alikuwa ameketi benchi la mbele.

"Tazameni," Musembi akasema kwa furaha. "Huyu dada hakuwabana watu katikati. Amewaweka pembeni, mchanga ukabaki mpana mbele yao. Mama ameinama kwenye kisima cha mchangani, mwanamume amesimama wima nyuma yake, kwa hivyo jicho linapanda lenyewe kutoka kwa mtungi hadi kwenye kofia. Na mwanga umeingia kwa ubavu. Nani alikufundisha?"

Kathini alikuwa akimtazama Mama.

"Mama Wavinya!" Syombua, jirani yao, aliita kutoka nyuma. "Kumbe siku hizi unaenda kisimani na mkwe? Kesho si atakubebea mtungi!"

Benchi zikaangua kicheko. Mama hakugeuka. Alijifunika uso kwa leso, akainuka, akaelekea mlangoni. Kathini aliujua mwendo ule. Mama akitoka hivyo, hatakanyaga kanisani tena, na Wavinya atasemwa katika kila soko.

"Walikuwa mbali!"

Sauti ilimtoka Kathini kabla hajajua. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Sema tusikie," Musembi akasema.

"Walikuwa mbali, kila mmoja na mwenzake. Mimi nilikuwa mbali pia, juu ya ukingo, nikawavuta karibu kwa simu." Alikuwa ameshafika ukutani, akionyesha kwa kidole. "Ona miguu ya Kisilu. Iko kwenye nyasi za ng'ambo. Mama amekanyaga mchanga. Hapa katikati kuna mto mzima wa mchanga. Kisilu alikuwa anangoja Mama amalize, ndipo amteremshe punda kisimani."

Musembi akasogeza uso hadi karibu na picha. "Ni kweli. Ukivuta sana, nafasi kati ya watu inamezwa."

"Kama ni vibaya, nitamkata," Kathini akasema, akamfunika Kisilu kwa kiganja.

Picha ikafa pale pale. Mama akabaki ameinama peke yake kwenye mchanga, na jicho likakosa pa kwenda.

Mlangoni, Mama alikuwa amesimama. Alishusha leso kidogo, akaitazama picha.

"Alikuwa anangoja nimalize?"

"Ndiyo, Mama. Na alikuwa ametazama kando. Hata kwa picha ametazama kando."

"Basi toa mkono," Mama akasema. "Mbona unamziba mkwe wangu?"