Kicheko cha Sekunde Kumi

Mimi Nduta siwezi kukudanganya: Theuri sikumpenda. Sikumchukia, la, lakini kijana anayetengeneza simu huko Kerugoya, anayeongea na wewe macho yake yakiwa ndani ya simu ya mtu mwingine, huyo utampenda ukianzia wapi? Na ndiye aliyekuwa anakuja kumchukua Wachuka wangu. Nasema wangu kwa sababu mama yake, dada yangu, alituacha Wachuka akiwa darasa la pili, na kwa miaka ishirini tumeishi sisi wawili nyuma ya duka langu la ushonaji hapa Chaka.

Wiki tatu kabla ya ngurario, ile harusi yetu ya kimila, Wachuka alikuwa anapiga pasi akaniambia neno likaninyima raha. Siku hiyo bibi harusi hufichwa katikati ya wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, bwana harusi apite achague aliye wake. Akikosea anachekwa mpaka wajukuu wake watakuja kuhadithiwa. Watu wengi huona ni mchezo tu.

"Tata, mimi sichezi," akaniambia, maana kwetu dada ya mama ni tata. "Akinikosa nitaolewa tu, lakini nitakuwa nimejua hanijui."

Haki nilikasirika, na hata sikujua namkasirikia nani. Nikaamua huyo mtu atapimwa sawasawa. Nitasimama kwenye ule mstari nami nimefunikwa leso, na chini ya leso niwe na nguo ya kumtega. Akinifunua tu, niwake taa mwili mzima, watu wote wa hapa kwetu Kieni waone amechagua tata.

Nikaenda Nyeri kwa Pritesh, ambaye familia yake imeuza vitu vya stima mjini tangu enzi za babu yake. Nilimweleza kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua sumu. Alicheka mpaka mkewe Krupa akatoka nyuma kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa ikabidi aketi. Wakanitolea mkanda wa taa ndogondogo, betri ya kuchajia simu, spika iliyotoshana na kifuniko cha chupa, na kidude kingine kama kiberiti.

"Hii inashika sauti, mama," Pritesh akasema. "Unabonyeza, inasema. Lakini iko na sekunde kumi tu, usiimbie wimbo mzima."

Mpaka hapo nilikuwa nawaza taa peke yake. Nilipokiona hicho kidude, wazo lingine likaniingia, likanifanya nicheke peke yangu njia yote ya kurudi.

Ushonaji ulinichukua wiki mbili. Pritesh alinifundisha kuukata mkanda kwenye alama tu, nyekundu iende kwa nyekundu, na kuunganisha waya kwa chuma cha moto bila kujichoma, ingawa kujichoma nilijichoma. Mara ya kwanza kuivaa ile nguo niliinua mkono, waya ukakatika kwapani, nusu ya mwili ikazima. Nikampigia simu, ati niunganishe tena. Wee! Mtu aliyeshona sare za shule miaka yote hii hahitaji kuambiwa kwamba kwapa huvuta. Nikauachia waya nafasi vile ninavyoachia mkono wa blauzi, nikaupitisha ndani ya kitambaa, na haukukatika tena. Vibonye nikavishonea ndani ya glavu: kidole gumba ni taa, kidole cha mwisho ni sauti. Siku ile taa tisini ziliwaka zote mara moja mbele ya kioo, nilicheza peke yangu kama mwendawazimu mpaka jirani akagonga ukuta.

Taa Wachuka alizijua, na alizifurahia. Sauti sikumwambia. Alasiri moja nilishona suruali ya Mzee Gikonyo nikaifunga miguu yote miwili, mtu hawezi kuingia wala kutoka. Wachuka alipoiona alianza kucheka, kile kicheko chake kinachoanzia chini na kupanda ngazi, nami mkono uko chini ya meza umeshika kidude. Baadaye nilikisikiliza peke yangu. Alikuwa ni yeye kabisa. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Siku yenyewe tulijipanga saba, leso za rangi moja. Mimi na Wachuka tuko urefu mmoja, na upana niliumaliza kwa mkaja uliokazwa mpaka nikawa napumua kwa adabu. Mimi nilikuwa wa pili, yeye wa tano. Sheria ni moja: kimya.

Theuri akaja. Kupitia leso nilimwona akizima simu na kuitia mfukoni, na hilo lilinishangaza kidogo. Akampita wa kwanza. Alipofika kwangu nikabonyeza kidole cha mwisho.

Wachuka akacheka kutoka kifuani mwangu. Chini ya hema watu walishusha pumzi, wakijua bibi harusi amejifichua mwenyewe. Theuri akasimama. Akashika pindo la leso yangu, nami gumba langu liko juu ya kibonye cha taa, na wacha niseme ukweli, moyo ukanigeuka. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeshona aibu ya huyu kijana, na sasa nilikuwa namwomba Mungu asivute.

Hakuvuta. Alingoja, kichwa kimeinama upande, kicheko kikaisha, akaendelea kungoja. Kisha akaachilia pindo.

"Huyu si yeye," akasema. "Wachuka wangu akicheka humalizia na kwikwi."

Ati wangu. Lakini alisema kweli. Miaka ishirini nimesikia ile kwikwi, na sekunde kumi za Pritesh hazikuifikia, wala mimi mwenyewe sikugundua imekosekana.

Na Wachuka, aliyekuwa amesikia kicheko chake kikitoka kwa tata yake, hakuweza kuvumilia tena. Akapasuka. Kikapanda, kikapanda, na kule mwisho kwikwi ikatoka. Theuri aliwapita wanawake wawili bila hata kuwaangalia, akavuta leso ya wa tano. Wachuka alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikaruka, nikakunja ngumi kwa furaha, na ngumi ikabonyeza kila kitu. Taa tisini zikawaka chini ya leso, na kibonye cha sauti kikanata kwa jasho, kicheko kikawa kinaisha na kuanza upya. Wazee walisimama vitini. Kuna mmoja alianza kukemea pepo.

Theuri alirudi kwangu, akanitoa leso. Nilijua atanicheka, na ningestahili. Badala yake aliinua mkono wangu, akatazama kwapani.

"Hapa ndipo waya hukatika kila mara," akasema. "Tata, ulifanyaje?"

Aliniuliza akiniangalia machoni. Nikamweleza, taa zinawaka, na nilimpenda palepale.

Jumatatu nilifungua duka peke yangu. Ile nguo ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, na kule nyuma hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekunywa chai. Nikatia mkono kwenye glavu, nikabonyeza kidole cha mwisho. Wachuka akacheka, kicheko kikapanda ngazi, duka likajaa. Halafu kikakatika palepale kinapokatikia. Kwikwi nikaitia mwenyewe, kwa nguvu, mpaka Mzee Gikonyo, aliyekuwa amefuata suruali yake, akaenda kuniletea maji.