Daftari la Msiba wa Kocha Kornel

Usijifanye hukuona. Siku jezi za timu yetu ya Makutano zilipokusanywa nyumba hadi nyumba, eti zinakwenda kufuliwa pamoja, ulikuwa umekaa nje hapa Kaliua unabangua karanga. Uliona kiroba kimefungwa mdomo, kinapandishwa kwenye bodaboda, kinaelekea stesheni. Nguo za kufua zinapelekwa stesheni? Hukuuliza. Uligeuza kiti.

Mimi niliweka kichwani. Wiki hiyohiyo kibao cha timu kiling'olewa uwanjani, tukaambiwa kinapakwa rangi. Kisha Wilbroad, mwenyekiti wetu, ambaye tangu ujana hanipiti bila kunitania, akapita mbele ya karakana yangu ya useremala huku akikodolea macho simu iliyozima. Nikajua kuna kitu kinaliwa.

Kwa waliosahau: Makutano haikuletwa na tajiri. Mwaka 1981 vibarua wa reli na wakulima wa tumbaku walikwatua vichaka pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, Wakatoliki wakianzia upande huu, Wamoraviani upande ule, wakakutana katikati. Goli la kwanza lilikuwa mataruma mabovu ya reli. Vijana walikwenda Tabora kucheza wakiwa juu ya magunia ndani ya behewa la mizigo, na Veneranda, ambaye leo ni bibi wa watu, akiwa amepakata sufuria ya viazi. Katiba yetu ni ukurasa mmoja tu: kila kaya ya hapa ni mwanachama. Tulikaa ligi ya wilaya miaka ishirini na sita. Tulifungwa saba na watu wa Nzega kwenye tope, na wake zetu wakatucheka mpaka Krismasi. Aliyetufikisha daraja la pili, mwaka jana, ni Kocha Kornel, fundi baiskeli. Machi mwaka huu tukamzika.

Daraja la pili ndilo lililoleta nzi. Mwezi Mei nikasikia redioni kwamba Makutano inahamia pwani na itabadilishwa jina, "baada ya wanachama kuridhia." Wanachama gani? Nikaenda kwa Wilbroad.

"Wakili wa kijiweni huyo!" akasema bila kuinuka. "Leo unamshtaki nani?"

"Nataka muhtasari wa mkutano."

"Wewe utausoma? Si uliishia darasa la saba?"

"La sita. Nionyeshe."

Akacheka, akanirushia nakala. Mkutano mkuu wa tarehe kumi na nne Machi, wanachama themanini na watatu, wote wameafiki timu ihamishwe. Nyuma yake kurasa tatu za majina na sahihi. Nikateremsha kidole. Namba kumi na saba: Revocatus Luhende. Ni mimi. Sahihi ni yangu, na ule mkia ninaouvuta kama randa imeteleza.

"Umeafiki mwenyewe, ndugu yangu," Wilbroad akasema. "Uzee huo. Kanywe maziwa ulale."

Sitaficha: nilikaribia kumwamini. Nilisimama pale nikijitilia shaka, labda kweli nilikwenda, labda nilikuwa na homa. Halafu nikaangalia ukurasa wa mwisho. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, mweupe mno, kama uliofunikwa karatasi wakati wa kutoa nakala. Ila karatasi hiyo ilikaa vibaya. Chini kabisa, mbele ya jina la Veneranda, mwandiko ulikuwa umechungulia: "kuni mz".

Kuni mzigo mmoja. Nani anakwenda kwenye mkutano wa mpira na kuni kichwani?

Unaijua desturi yetu. Mtu akifa, daftari linawekwa mlangoni kwa wafiwa. Kila nyumba inaandika jina, inatia sahihi, inaandika ilicholeta, unga au kuni au maji, ili msiba wao ukifika nao washikwe mkono. Hakuna asiyesaini, hata aliyegombana na marehemu. Na hakuna anayeuliza daftari litakwenda wapi baada ya matanga. Mimi niliandika "mbao nne", za jeneza. Tarehe kumi na nne Machi hatukuwa na mkutano wowote. Tulikuwa makaburini na Kornel.

Nikaenda kwa Bertila, mjane wake.

"Shemeji, daftari la msiba liko wapi?"

"Lipo. Wilbroad aliliazima siku tatu, alisema anatunga barua ya shukrani ya kusomwa kanisani."

"Uliisikia ikisomwa?"

Akaingia ndani, akatoka nalo limeviringishwa kwenye khanga. Yote yalikuwemo: jina la Kornel juu ya ukurasa, kuni za Veneranda, mbao zangu, majina yaleyale kwa mpangilio uleule. Nikamwambia tukaliweke mezani kwa afisa michezo. Akalivuta kifuani.

"Wilbroad alibeba jeneza la mume wangu, Revocatus. Bega la mbele. Niende peke yangu nikamuumbue, halafu ninyi mkae majumbani mseme mjane ana mdomo?"

"Mimi nitakuwepo."

"Wewe!" Akacheka kwa uchungu. "Wewe unagombana hata na kengele ya kanisa. Nani ataamini umekuja kwa ajili ya Kornel? Niletee wenye majina. Nikiwaona, nalifungua. Nisipowaona, nalitia motoni, nimlilie mume wangu kwa amani."

Sikuweza kumlaumu. Nimepita nyumba kwa nyumba siku nne. Huyu ana mgonjwa. Yule mwanawe ameahidiwa kusajiliwa huko pwani, na ahadi imetoka kwa nani, hasemi. Mwingine ameniuliza, "Kwani timu ilikuwa inakulisha?" Zamani njia hii ilipitisha pembe za ndovu za watu wengine juu ya mabega ya babu zetu, na walau wao walijua wamebeba nini. Sisi tumebebeshwa tukiwa tunalia msibani.

Muda wa kuweka pingamizi kwa afisa michezo unafungwa leo Ijumaa, saa tisa alasiri. Ninavyoandika haya ni saa nne asubuhi. Bertila ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya michezo, daftari magotini, anaangalia barabarani. Wilbroad amekwishapita mara mbili kumsalimia, na mara ya pili alikuja na soda.

Jina lako ni moja kati ya yale themanini na matatu. Nimelisoma. Hukuridhia chochote, ulipeleka unga kwa mfiwa. Njoo uyaseme hayo kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya afisa, sahihi yako ikiwa wazi mezani. Epua hiyo sufuria. Chukua kitambulisho. Mpitie na jirani yako, hata kama hamsemezani. Inuka sasa hivi, kabla mjane hajanyanyuka kwenye lile benchi akarudi kwake kuwasha moto.