Waliojua Kumbeba Norman

Duniani walikuwapo watu wawili tu waliojua kumbeba Norman: mama yake Proscovia, askari jela, na Ketty, jirani yao katika kambi ya askari jela, Jinja. Mtoto huyo alizaliwa na mifupa dhaifu, wakati mwingine ilivunjika kwa kuvalishwa shati tu. Wasichana wa kazi walikuja wakakimbia. Ukishamvunja mtoto wa watu hulali usiku, hata kama kosa si lako. Nani awalaumu?

Basi Ketty ndiye aliyemshika mtoto Proscovia alipokuwa zamu, akilipwa unga na sabuni. Mshahara uliobaki ulimezwa na plasta na dawa. Biashara ya mkaa kule Walukuba, iliyokuwa ikimsitiri Proscovia, ilikufa, maana siku zake za mapumziko zote ziliishia hospitalini.

Ndipo ikaja amri ya uhamisho: Mbale, aripoti Jumatatu.

Alikwenda kumlilia mkubwa wake, Geresom, akimsukuma Norman kwenye kigari chake. Geresom alimsikiliza kwa huruma ya kweli, hilo tusimnyime.

"Proscovia, mimi naelewa. Lakini likizo ya mtoto ulimaliza yote. Usipofika Jumatatu watakutoa kwa kazi. Sasa huyu atakula nini?"

Dua la kuku halimpati mwewe. Nyumba ya Proscovia pale kambini ilikwisha kupewa mwingine, na kwa Ketty watoto walilala mpaka chini ya meza. Geresom alichoweza kuwapa ni lori la magereza.

Jumatatu asubuhi Proscovia alikaa juu ya magodoro, Norman mapajani. Kila tuta, kuanzia Bugembe, alimwinua kidogo ili mshtuko uishie mikononi mwake. Walipofika Busiu, dereva alikwepa bodaboda iliyobeba ndizi, gurudumu likatumbukia shimoni.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

Kisha mtoto akanyamaza, macho kayafumba. Proscovia alidhani amelala, akamshukuru Mungu. Maskini, alimshukuru kwa moyo wote.

Kambini Mbale wanawake walitoka kumpokea mgeni mizigo. Mmoja, Nambozo, alinyoosha mikono. "Leta mtoto, dada!"

"Usimguse!"

Nambozo akarudi nyuma, uso umemshuka. Proscovia aliona aibu, lakini aibu ingengoja. Alifunua blanketi amteremshe mwenyewe, akaona paja limepinda mahali pasipo goti. Midomo ya Norman ilikuwa na damu kwa kuing'ata.

"Tangu wapi?"

"Busiu."

"Na uliniambia hapana!"

"Ningelia, ungesimamisha gari. Halafu wangekutoa kwa kazi."

Filimbi ya gwaride ikalia. Proscovia alimkasirikia dereva, akaikasirikia serikali, akamkasirikia Mungu, na hakuwepo hata mmoja wa kumshika shati. Akienda hospitali, hana kazi. Bila kazi, hospitali ataiingilia wapi?

"Enda uripoti, mama," Norman akasema. "Mimi haiumi sana."

Proscovia alimgeukia Nambozo, yule yule aliyemfokea. "Dada, nisamehe. Panda ukae naye tu. Nikishaandikwa jina nitarudi nimpeleke."

Nambozo alipanda, akaketi kando ya Norman. Proscovia akavaa kofia yake, akakimbia. Alikuwa ndiyo kwanza amesimama mstarini na kupiga saluti Norman alipoanza kulia kule nyuma, kwa sauti yake yote, akidhani mama hasikii tena.