Taa Niliyoing'oa

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Mwaka wa thelathini huu natengeneza magari hapa Kilindoni, na gari likiwasha ile taa ya injini kwenye dashibodi, dawa yangu wanaijua wote: nang'oa balbu. Mwenye gari anaondoka roho kwatu. Ndivyo nilivyolifanyia, miaka miwili iliyopita, gari la Bi Mwanamkuu wa Baleni, kuukuu la miaka ya tisini, linalombebea mihogo na nazi.

Mwaka huu likaanza kutoa moshi mweusi, linabugia mafuta, asubuhi haliwaki hata ulibembeleze. Nikabadilisha plagi, nikafungua hiki na kile. Wapi! Nikamwambia mama wa watu injini imekufa, aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikubali, ila alilipapasa boneti kwanza. Mnunuzi angekuja leo baada ya adhuhuri.

Asubuhi binti yangu Sabra, aliyerudi juzi kutoka chuo cha ufundi bara, akachungulia dashibodi.

"Baba, taa yake iko wapi?"

"Nimeitoa. Inasumbua watu."

Akatafuta balbu kwenye kopo langu la balbu nilizong'oa, akairudisha. Kisha akafungua kiboksi kidogo cha kupimia kando ya injini, akaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kupiga stata.

"Hesabu, Baba."

Taa ikapepesa mara mbili. Ikatulia. Ikapepesa mbili tena. Ikapumzika kidogo zaidi, ikaanza upya: mbili, na mbili.

"Nini hiki?" Nilinong'ona kama niko msikitini.

"Ishirini na mbili, namba ya ugonjwa wake. Linasema sensa, kile kipimo cha joto la maji ya injini, haisomi. Halijui kama limepata moto, ndiyo maana linamwaga mafuta."

Subhanallah! Chuma, hakina ulimi, na kinajua kinapoumwa. Nilimwambia arudie. Nikahesabu kwa vidole, nywele zikanisimama, na nasema kweli, niliogopa. Nikakumbuka balbu zote zilizojaa lile kopo.

Tukaifuata sensa. Kichwa cha waya wake kilikuwa kimeliwa na chumvi, kijani kitupu. Sabra akakikata, akafunga kingine. Stata moja tu, gari likawaka, moshi hakuna.

Bi Mwanamkuu akaingia na mnunuzi wake, akasimama ghafla.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe lawaka?"

"Halikufa. Lilikuwa linasema linapoumwa, mimi nikaliziba mdomo."

Mnunuzi akaondoka akinung'unika. Mimi nikazima injini, nikachomoa ule waya wa sensa ili kosa lirudi, nikaunganisha matundu kama nilivyomwona Sabra, nikafungua swichi. Bi Mwanamkuu akainama dirishani kuitazama taa, midomo ikimcheza: mbili, na mbili. Akaweka mkono juu ya usukani.

"Limeniita hivi tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Fundi ana maneno mengi.

"Miaka miwili, mama. Kila ulipoliwasha."