Odile Aenda Ziwani

Tangu ziwa lianze kuganda, Odile hakuwa na amani. Si baridi iliyomtisha, makoti anayo ya kutosha. Alichoogopa ni barafu. Kwao Louisiana maji ni maji, hakuna mtu anayeyaendeshea gari juu. Huku ukweni, kaskazini mwa Minnesota, Januari ikishaingia mji mzima unahamia ziwani: vibanda vya mbao juu ya barafu, kila kimoja na jiko lake, tundu sakafuni la kuvulia samaki, na umbea usiokauka. Nani kaachwa, nani kamrudia nani, yote huamuliwa humo. Odile, mpenda watu kama nini, majira ya baridi yaliyopita aliyamalizia dirishani akitazama moshi wa wenzake, na habari zikimfikia zimeshachacha.

Mwaka huu alimwambia mumewe, Wendell, bila kupepesa macho: "Nikifungiwa ndani tena kama mwaka jana, Machi naenda kwa dada yangu. Na tiketi nakata ya kwenda tu."

Wendell akatafuta msaada. Alimwendea dada yake mwenyewe, Marlys, na Jumamosi moja adhuhuri Marlys akatokea mlangoni, kofia ya manyoya imemfunika hadi nyusi.

"Wifi, vaa viatu. Leo unakula kibandani kwangu."

"Mimi? Juu ya maji?"

"Maji gani wewe? Malori yanapita pale! Na hiyo sufuria ya gumbo ije, ndiyo kiingilio chako."

Odile alitaka kukataa, ila akauona uso wa Wendell nyuma ya mlango, umenywea kama wa mtu anayesubiri majibu ya daktari. Akabeba sufuria ya ule mchuzi mzito wa kwao wa nyama na bamia, Wendell akiwafuata nyuma.

Juu ya ziwa alitembea kwa ncha za vidole, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mara chini kukanguruma, mngurumo mrefu uliokimbia hadi ng'ambo.

"Yesu wangu! Inapasuka!"

"Inanenepa hiyo," Marlys akasema. "Inalalamika tu, kama kaka yangu mkanda ukimbana."

Ndani ya kibanda mlikuwa na joto la kuvua koti. Duane, mumewe Marlys, alikuwa ameinamia tundu na kamba yake ya uvuvi. "Shemeji! Kumbe una miguu!"

Odile akakaa karibu na mlango, macho kwenye tundu. Maji meusi yalikuwa chini kabisa ya ukingo wake.

Habari ya gumbo ikaenea vibandani, na watu wakaanza kumiminika. Walikuja na magari, maana watu wa huko hata choo cha nje wangekiendea kwa gari wakiweza. Kila mmoja aliegesha ubavuni mwa mwenzake, karibu na harufu. Hawa ndio wanaowaonya watoto wao kwamba magari hayalundikwi pamoja juu ya barafu. Siku hiyo kila mtu alifikiria gari lake tu, na gari moja lina uzito gani?

Kibanda kikajaa, mabakuli yakapita juu ya vichwa. Marlys alikuwa katikati ya kisa cha mchungaji mpya na mjane muuza chambo, na Odile akajikuta anacheka, kicheko cha tumboni hasa, alichokuwa hajacheka tangu theluji ya kwanza. Kisha akatazama tundu. Maji yalikuwa yamefika ukingoni.

"Shemeji, maji yanapanda."

"Macho ya woga hayo. Kunywa kahawa."

Wakacheka wote. Odile akainamisha kichwa. Akipiga kelele na kumbe si kitu, watamcheka hadi theluji iyeyuke, na humu hatakanyaga tena. Akinyamaza je? Maji yakapita ukingo, yakatambaa sakafuni, yakamgusa kiatu.

"Nyamazeni nyote! Maji yako miguuni kwangu!"

Duane akageuka, na tabasamu likamtoka usoni. "Nje kuna magari mangapi?"

Hakuna aliyejua.

"Tumeibonyeza barafu kama kitanda kibovu," akasema polepole. "Tokeni mmoja mmoja. Msikimbie. Wenye magari, tawanyikeni taratibu."

Odile hakukumbuka alivyofika nchi kavu. Alisimama hapo akitazama magari yakiachana moja baada ya jingine, na Duane akitoboa barafu hapa na pale kwa keekee. Hatimaye akapunga mkono: nzima, inabeba.

"Nikupeleke nyumbani?" Wendell akauliza kwa sauti ndogo.

Marlys alikuwa amewafuata, kofia mkononi. "Wifi, sisi wote tumezaliwa hapa. Hakuna aliyelitazama lile tundu ila wewe. Na tulikucheka. Samahani."

Odile akatazama nyumba yake juu ya kilima, na lile dirisha. Akashusha pumzi, akauweka mguu mmoja kwenye barafu, kisha wa pili.

Muda mfupi baadaye alikuwa nje ya kibanda na upawa mkononi. "Wewe, kule! Mbali zaidi! Anayetaka gumbo atembee!" Na wanaume waliozaliwa ziwani wakarudisha magari nyuma bila ubishi.

"Nataka kibanda chetu wenyewe," akamwambia Wendell, meno yakigongana. "Na tundu lake liwe kubwa, nilione vizuri."