Kofia Iliyorudishwa na Bahari

Watalii walimpenda Hallbera kwa mdomo wake. Viongozi wengine waliwapeleka wageni kwenye barafu ileile na ufuo uleule mweusi wa kusini, lakini waliorudi makwao waliwaambia wenzao: mtafuteni yule dada mchekeshaji. Kwa hiyo baba yake, mzee Eyvindur, alipompigia simu akisema angependa siku moja amwone mwanawe kazini, Hallbera alisita kidogo, kisha akamwambia aje, kiti kipo.

Walimpitia mzee asubuhi kwa basi kwenye njia panda ya shamba lake. Alikuwa amevaa sweta la sufu na buti za kuchungia kondoo. Sturla, dereva, akamtania kwamba anasafiri kwenda kutazama kitu anachokiona kila siku dirishani kwake.

"Siendi kutazama barafu," mzee akajibu. "Naenda kumtazama kiongozi."

Barafuni alitembea vizuri kuliko wengi. Hallbera aliwafunga wageni meno ya chuma chini ya viatu, akawapandisha kwa mstari mmoja, akawaonyesha nyufa zenye rangi ya buluu na majivu ya volkano yaliyoganda ndani. Akatania, wakacheka, na kila walipocheka alimwona baba yake akitabasamu kule nyuma, kama mzazi kwenye sherehe ya shule. Moyo wake ukajaa.

Mchana walikunywa supu ya kondoo mjini Vik, kisha wakashuka ufuoni. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalipanda juu kwa pupa. Hallbera akawaonya wasiipe bahari mgongo wakidhani mawimbi yametulia. Ndipo Colette, mwalimu kutoka Kanada, akaomba ile hadithi ya kofia. Rafiki yake alikuja mwaka uliopita, na hadi leo huisimulia mezani.

Hallbera aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama mbali kidogo na Sturla, mikono mfukoni, akitazama maji. Kiingereza alikielewa kuliko alivyokizungumza, lakini upepo ulikuwa unavuma. Angeweza kusema leo hakuna muda. Wageni walikuwa wameshamzunguka, nyuso zao zimekaa tayari kucheka, naye hakuwa mtu wa kuacha nyuso kama hizo ziende hivihivi.

Akasimulia. Palikuwa na kijana wa shambani, Ketill, mlevi kupindukia. Siku moja upepo ukamnyang'anya kofia, naye akaifuata majini huku akiitukana bahari. Hallbera akayumba kilevi, akatukana, akashika kichwa. "Bahari ikaijaribu kofia," akamalizia, "ikaona haiwatoshi samaki, ikairudisha. Ketill ikabaki naye." Wakacheka mpaka Colette akafuta machozi.

Hallbera alipoinua macho, baba yake alikuwa anaelekea kwenye basi peke yake.

Alimkuta ameketi kiti cha nyuma. Akamwambia kwamba yale ni maneno ya kuwafurahisha wageni tu.

"Najua. Umeyasimulia vizuri," mzee akasema, na hilo likamchoma kuliko kofi. "Nani alikwambia kaka yangu alikuwa mlevi?"

"Hakuna. Niliongeza mwenyewe."

Nyumbani hawakuwahi kusema mengi juu ya Ketill: bahari ilimchukua, ikarudisha kofia. Hayo tu ndiyo aliyoyapata Hallbera utotoni, na mengine aliyashona.

"Hakuwahi kuonja pombe," mzee akaendelea. "Na kofia ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeifuata. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Alinifuata, akanitupa juu ya changarawe, na wimbi la pili likaja likampata yeye. Nilisema alikwenda kuvuta gogo lililoletwa na maji. Mama alikufa akiamini gogo."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Wageni wakaingia, basi likaondoka. Hallbera alikaa mbele, uso unamwaka. Alihesabu moyoni ni vikundi vingapi vilivyomcheka Ketill, akashindwa. Mwishowe akachukua kipaza sauti. Akawaambia kwamba Ketill alikuwa baba yake mkubwa, kwamba hakuwa mlevi, kwamba alikufa akimwokoa mdogo wake, na mdogo huyo ndiye mzee aliyeketi nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Colette akaziba mdomo. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Hallbera akaona kwenye kioo cha dereva baba yake akijikunyata, masikio mekundu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Hapo ndipo alipoelewa alichofanya.

Kwenye njia panda alishuka naye, akamsindikiza hadi getini. Mzee alihangaika na komeo, ingawa alikuwa akilifungua miaka yote.

"Ile ya kwanza ningeivumilia," akasema bila kumtazama. "Hukujua. Lakini hii ya pili nilikupa wewe peke yako."

Hallbera akauliza tu kama anaweza kuja kesho.

"Njoo. Maneno yaache kwako."

Akaja. Alimenya viazi, akaosha vyombo vilivyokuwa safi, akafuatana na baba yake kukagua ua wa kondoo, akashika nguzo mzee alipogonga misumari. Asubuhi nzima hakufungua mdomo, na aibu ikakaa naye. Hakujaribu kuitania ili ipungue.

Karibu na nguzo ya mwisho, mzee aliweka nyundo chini.

"Ketill alikuwa na sauti mbaya sana," akasema. "Akianza kuimba zizini, ng'ombe wanakataa kutoa maziwa."

Hallbera alitaka kucheka, akajizuia, akabaki ameshikilia nguzo, akimngojea aendelee.