Jani la Kuzuia Mkoromo

Haya ni kweli tupu. Chumvi niliyotia ni ile ya kwenye saladi tu.

Nilipostaafu ukarani wa mizani, nilipanda matuta manne ya saladi nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mchicha wa mke wangu. Zilipokomaa, akanipa mwezi mmoja: zikikosa wanunuzi, anang'oa zote. Dada yake, shemeji yangu, anauza mboga sokoni, akanikatia pembe ya meza yake.

Watu wanachosha, jamani. Mmoja aliuliza kama ni kabichi iliyougua. Mwingine, kama ni chakula cha sungura. Fundi cherehani alinunua fungu, akalichemsha nusu saa, akaturudishia na sufuria yake: maji ya kijani na kitu kama tambara la kudekia. Nikamweleza kwamba jani hili huoshwa, hukatwa, hukamuliwa limau, huliwa bichi. Akasema yeye ana jiko, majani mabichi awaachie mbuzi. Maelezo hayohayo niliyatoa mara arobaini kwa siku, na shemeji akawa ananyunyizia maji mafungu yaleyale tangu asubuhi.

Zilipobaki siku kumi, nikamnong'oneza fundi habari za jirani yangu aliyekoroma hadi mabati yakalegea misumari. Alikula saladi mbichi siku saba. Sasa hulala kimya, mkewe humshika pua kuhakikisha bado yupo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, meza ilikuwa nyeupe. Akina mama walipanga foleni. Mmoja alichukua mafungu matano, eti mumewe ni mnene. Shemeji akaanza kuniita bwana masoko.

Siku ya nane wakarudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, fundi mbele; kumbe mkoromaji wa nyumbani kwake ni yeye, na mkewe alikuwa amemlisha siku zote saba. Nikasema wengine huhitaji siku kumi na nne. Kwa bahati yangu mbaya, mke wangu alikuwa amemletea dada yake chai.

"Huyu anakula saladi asubuhi na jioni tangu ichipue," akawaambia. "Na jana nimelala jikoni."

Hata muuza vitunguu aliacha kupanga vitunguu vyake.

"Haya, mzee," fundi akasema, "tafuna."

Hukumu ikatolewa palepale. Kila akija mteja, nitafune jani mbele yake na kutamka: ni mboga, haitibu kitu, haichemshwi. Nikikosa siku moja, mke wangu anapanda mchicha. Fundi naye akachovya jani kwenye limau, akatafuna polepole, akachukua fungu bila kuomba punguzo.

Huu mwezi wa pili natafuna. Matuta yapo, mafungu yanatoka. Jana mama mmoja alinitazama nikimaliza jani zima, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa nikishaitia sufuriani, niifunike au niiache wazi?"

Shemeji akanisogezea jani jingine.